Mwalimu haamini kuwa alama 68 ni zangu

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka 16, ninasoma Kidato cha Tatu katika shule ya kata mkoani Tabora, na ninakaa kwa shangazi yangu kwa sababu kijijini kwetu hakuna sekondari ya karibu. Jambo lililonipata mwezi uliopita limeninyima usingizi, na kila ninayemweleza ananiambia ninyamaze nisome tu.

Shule ya msingi nilisoma kijijini, kwa Kiswahili kama watoto wote wa huko, na sikuwahi kutoka nje ya watatu wa kwanza. Nilipoingia Kidato cha Kwanza masomo karibu yote yakawa kwa Kiingereza, na mara nyingi sikuelewa hata swali linataka nini. Nikaanza kukaa kimya. Mwalimu akiuliza swali, mimi niliinamia daftari ili macho yetu yasikutane, na kwa kuwa sikujibu, walimu nao wakaacha kuniuliza. Katika Upimaji wa Kidato cha Pili nilipata D ya Fizikia, C ya Kemia, C ya Hisabati na B ya Baiolojia.

Likizo ya Desemba, hata kabla matokeo hayajatoka, binamu yangu aliyemaliza Kidato cha Sita alinifundisha Fizikia kila jioni baada ya kazi za shamba. Alinieleza kwa Kiswahili kwanza, kisha akanitaka niandike kwa Kiingereza. Ilikuwa mara ya kwanza kuona kwamba mambo yale yanaeleweka. Shule zilipofunguliwa tukafanya jaribio la katikati ya muhula, nikapata 68.

Mwalimu wa Fizikia alipokuwa akirudisha karatasi alifika kwangu, akainua ya kwangu juu, akasema mbele ya darasa zima: "Hii si akili yako. Umeangalizia kwa nani?" Ninakaa dawati moja na msichana ambaye ndiye kipanga wa darasa, na yeye alipata 74. Darasa likacheka. Nilitaka kusema neno lakini machozi yakanitangulia. Mwalimu akaandika alama ya kiulizo kwa kalamu nyekundu pembeni ya 68, akanihamishia dawati la nyuma karibu na mlango, na orodha ya alama ilipobandikwa kwenye ubao wa matangazo, nafasi yangu ya Fizikia ilikuwa imeachwa wazi. Tangu siku hiyo wenzangu wananiita Kilaza Sitini na Nane.

Wiki iliyopita aliniita ofisini. Safari hii hakuwa mkali. Aliniambia kuwa Fizikia na Kemia niwaachie wenye vichwa, nihamie sanaa, kwani nikibaki nitaiharibia shule matokeo ya Kidato cha Nne. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi niandike barua ya kuhama mkondo. Mimi ninataka kuwa muuguzi. Shangazi anasema mwalimu ni mzazi, na kumbishia ni utovu wa nidhamu.

Je, niandike barua hiyo? Nimjibuje mwalimu bila kumkosea adabu? Na kuna jambo ninaloogopa hata kuliandika: yeye amesoma na amefundisha miaka mingi, je, huenda anaona kitu ambacho mimi sikioni?

Binti wa Kidato cha Tatu, Tabora

*

Marahaba, mwanangu.

Barua ya kuhama mkondo usiiandike. Sababu zake nitakueleza, lakini katika yote uliyoyataja lipo moja lenye haraka zaidi, nalo ni ile nafasi iliyoachwa wazi kwenye orodha. Maneno uliyoambiwa yamekuumiza na yatachukua muda kupoa. Nafasi tupu, hata hivyo, ina madhara ya aina nyingine, kwa sababu alama za muhula huingia katika kumbukumbu za maendeleo ya mwanafunzi, na atakayezifungua mwakani hataona kwamba palikuwa na 68 iliyotiliwa shaka, ataona tu kwamba mwanafunzi huyu hana alama ya Fizikia. Kwa hiyo tuanzie hapo.

Kusema kwamba mwanafunzi ameangalizia ni tuhuma nzito, na tuhuma ya namna hiyo hupimwa kwa ushahidi. Bahati nzuri ushahidi upo. Anayeangalizia hubeba majibu ya mwenzake pamoja na makosa yake: kama jirani yako amekosea ishara katika hesabu ya tatu, wewe nawe utakuwa umekosea palepale, na kwa namna ileile. Muombe mwenzako karatasi yake, uziweke zote mbili juu ya meza, uangalie yeye alipoteza wapi alama zake 26 na wewe ulipoteza wapi zako 32. Ikiwa mmekosa katika maswali tofauti, au mmepata jibu moja kwa njia mbili, karatasi zenyewe zitakusemea. Chukua pia daftari ulilolitumia Desemba. Mwalimu wako anakumbuka mwanafunzi wa Novemba aliyekuwa akiinamia daftari, kisha Machi akaletewa karatasi ya alama 68; kilichotokea katikati hakukiona, na hakuna aliyemweleza.

Nenda ofisini wakati ambao hana kipindi, wala usiende mbele ya wanafunzi, kwa sababu mtu aliyetamka jambo hadharani huwa mgumu kulirudi mbele ya hadhira ileile. Msalimie kama kawaida, kisha useme maneno machache yanayofanana na haya: "Mwalimu, ninaomba dakika chache kuhusu karatasi yangu ya Fizikia. Sikuangalizia. Likizo nilifundishwa na binamu yangu, na daftari nililotumia ni hili. Ninaomba unipe swali lolote katika karatasi hii, au jingine la mada ileile, nilifanye hapa mbele yako, na ukiridhika uniandikie alama yangu kwenye orodha." Ukishasema hivyo, nyamaza usubiri. Hujamwambia kwamba amekuonea, ingawa amekuonea. Umemwomba akupime, na kupima mwanafunzi ndiyo kazi yake. Mwalimu mwenye haki hana sababu ya kukataa ombi hilo, na akilikataa, basi utakuwa na jambo lililo wazi la kumpelekea mwalimu wa taaluma.

Jiandae kwa dakika hizo chache kwa namna ambayo mtu aliyeangalizia hawezi kujiandaa, yaani uwe tayari kueleza sababu, maana kanuni hata aliyeikariri huweza kuiandika. Tuseme umepewa swali la msuguano: kipande cha ubao chenye uzito wa nyutoni 20 kinavutwa juu ya meza iliyo sawa kwa kani ya nyutoni 8, na kinakwenda kwa mwendo usiobadilika; unatakiwa kutafuta kizigeu cha msuguano, yaani kani ya msuguano ikigawanywa kwa kani ambayo meza inausukumia ubao juu. Wengi watagawanya 8 kwa 20, waandike 0.4, waketi. Wewe sema kwa nini unaruhusiwa kugawanya hivyo: mwendo haubadiliki, kwa hiyo kani inayovuta na kani ya msuguano zinalingana, na msuguano nao ni nyutoni 8. Meza imelala sawa, kwa hiyo inausukuma ubao juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wake, nyutoni 20. Mwalimu yeyote wa Fizikia akisikia sentensi hizo mbili, hata zikitoka katika Kiingereza cha kusuasua, atajua kwamba anazungumza na mtu aliyeelewa.

Sasa nije kwenye madhara ya kudharauliwa, kwa sababu nadhani unayatafuta mahali ambapo si makubwa. Mwaka 1968 Robert Rosenthal, mwanasaikolojia wa Marekani, pamoja na Lenore Jacobson, aliyekuwa mwalimu mkuu, walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika shule moja ya msingi jimboni California. Walimu waliambiwa kuwa mtihani maalumu umebaini watoto ambao akili zao zitachanua mwaka ule, ilhali majina ya watoto hao yalikuwa yameokotwa tu kwa bahati nasibu. Mwaka ulipokwisha, watoto waliotajwa, hasa wale wa madarasa mawili ya chini, walikuwa wamepanda kuliko wenzao. Kazi hiyo imebishaniwa sana tangu hapo, na watafiti waliofuata wamekuta kwamba matarajio ya mwalimu humgusa kweli mwanafunzi, lakini kwa kawaida kwa kiasi kidogo, kidogo mno kuweza kuitwa hatima ya mtu. Shika sehemu zote mbili za habari hiyo. Mwalimu wako hana uwezo wa kukufanya uwe mjinga kwa kukuona mjinga. Anachoweza ni kukupunguzia vitu fulani, na Rosenthal alipofuatilia ni kwa njia gani matarajio humfikia mtoto, alitaja njia nne: upole anaoonyeshwa, wingi wa mambo anayofundishwa, nafasi anazopewa za kujibu, na masahihisho anayorudishiwa.

Isome tena barua yako ukiwa na hayo manne kichwani. Umehamishwa kutoka mbele ukapelekwa mlangoni. Maswali yalikwisha kukupita tangu Kidato cha Kwanza. Karatasi yako imerudi na alama ya kiulizo, na alama ya kiulizo haikuambii zile alama 32 zilizokosekana zimekwenda wapi. Hivyo ndivyo ulivyonyang'anywa, mwanangu, na habari njema ni kwamba kila kimoja kinaweza kuombwa kirudi, kwa adabu, bila kusubiri mwalimu abadili kwanza mawazo yake juu yako. Omba kurudi mbele. Sema kwamba kule nyuma huoni ubao vizuri, ikiwa ni kweli. Omba akuonyeshe swali moja tu ulilokosa na namna lilivyotakiwa kujibiwa, si karatasi nzima, kwa sababu mwalimu mwenye mikondo kadhaa ya wanafunzi 60 au zaidi atakataa karatasi nzima lakini swali moja atalipokea. Na uulize swali darasani.

Hilo la mwisho najua ndilo gumu kuliko yote, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo, kwa msaada wa mwanafunzi aliyepita njia yako katika nchi yako mwenyewe.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa Kidato cha Tatu, kama wewe, katika Shule ya Sekondari Magamba huko Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanayaacha yapoe ndipo wayatie kwenye jokofu. Siku moja, kwa kuwa nafasi ya jokofu ilikuwa ya kugombania, Mpemba aliyatia ya kwake yakiwa bado ya moto, na baadaye akakuta yameganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alimuuliza mwalimu wa Fizikia sababu. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Aliendelea na shule mpaka Mkwawa, Iringa, na huko walipofundishwa jinsi vitu vinavyopoa akauliza tena. Mwalimu wa huko akamwambia kwamba hiyo ni Fizikia ya Mpemba, si Fizikia ya dunia nzima. Kuanzia hapo kila alipokosea, hata katika Hisabati, mwalimu na wenzake walisema hayo ni mambo ya Mpemba. Unaona jinsi jina la kejeli linavyoweza kumganda mtu. Lako lina namba 68 ndani yake, lake lilikuwa jina lake mwenyewe.

Mpemba hakugombana na mwalimu wala hakuacha Fizikia. Alipopata nafasi katika maabara alichukua vyombo viwili vinavyolingana, kimoja chenye maji ya bomba na kingine chenye maji ya moto, akavitia kwenye jokofu, akaangalia kwa macho yake. Kisha Dakta Denis Osborne, mhadhiri wa Fizikia kutoka Chuo Kikuu Dar es Salaam, akaja kuzungumza na wanafunzi, na ulipofika wakati wa maswali Mpemba akasimama akauliza lilelile swali lililokuwa likimletea kicheko. Wanafunzi walicheka. Osborne alimuuliza kama kweli amelifanya jaribio hilo, na Mpemba akaweza kujibu ndiyo. Mhadhiri akasema kwamba sababu haijui, lakini atakaporudi Dar es Salaam atalijaribu. Alimpa kazi hiyo fundi wa maabara, na fundi akaleta habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaongeza kwamba watarudia mpaka wapate jibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne waliandika makala pamoja katika jarida la Physics Education, na hadi leo wanasayansi wanaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba, wakiendelea kubishana kuhusu sababu yake na hata kuhusu lini linatokea na lini halitokei. Mpemba mwenyewe alikwenda kusomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka, karibu na Moshi.

Sikusimulii hayo ili udhani kwamba nawe lazima ugundue jambo. Ninakusimulia kwa sababu ya lile neno ndiyo. Mbele ya ukumbi uliokuwa ukicheka alikuwa na kitu alichokifanya kwa mikono yake, na kicheko hakikuwa na pa kukishika. Ndiyo maana ninakutaka usiulize swali la kubahatisha. Nyumbani, usiku wa kabla ya kipindi, andika swali moja linalotokana na hesabu uliyoijaribu ukakwama, liandike kwa Kiingereza rahisi, likague sarufi yake, kisha kesho yake nyoosha mkono ulisome hata kama utalisoma kwenye karatasi. Swali moja kwa kipindi linatosha. Watakaocheka watacheka wiki mbili za mwanzo. Na ikiwa maelezo yamekupita kabisa, muombe mwalimu baada ya kipindi akuruhusu umuulize kwa Kiswahili. Walimu wengi hulikubali hilo bila shida.

Umeuliza kama mwalimu anaona kitu usichokiona. Nitakujibu kwa alama, kwa sababu ni swali la haki na linastahili jibu la kweli. D huanzia 30 na kuishia 44, kwa hiyo aliyepata 30 na aliyekosa C kwa alama moja huonekana sawa kwenye cheti, na hujui wewe ulikuwa wapi kati yao. 68 ni B. Jaribio moja la katikati ya muhula halithibitishi kwamba Fizikia umeimaliza, na ningekudanganya kama ningesema hivyo. Huenda mada zilizoulizwa ni zilezile ulizofundishwa likizo, na mada zijazo zitakurudisha chini kidogo. Lakini linathibitisha jambo ambalo D ilikuwa imelificha: ukieleweshwa kwa lugha unayoijua, unaelewa, na ukielewa unaweza kuandika. Alichokiona mwalimu wako kwa miaka miwili ni ukimya, na ukimya wa mtoto aliyetoka kusoma miaka saba kwa Kiswahili akaingia ghafla katika Kiingereza unafanana sana na wa mtoto asiyejua. Walimu wa sayansi ni wachache katika shule zetu, wanabeba vipindi vingi, na mtu mwenye vipindi vingi huhukumu haraka. Ninalisema ili ujue njia ya kumfikia. Haliwi ruhusa ya kumdhalilisha mtoto mbele ya wenzake, na neno kilaza halina nafasi kinywani mwa mtu yeyote shuleni.

Basi fanyia kazi lugha na kumbukumbu kwa pamoja. Aliyokufanyia binamu yako Desemba ndiyo hasa yanayotakiwa, nawe unaweza kuyaendeleza peke yako. Ukimaliza kusoma mada, funga daftari, chukua karatasi tupu, uandike yote unayoyakumbuka, kwanza kwa Kiswahili pale unapokwama, kisha kwa sentensi fupi za Kiingereza, halafu fungua daftari usahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walionyesha kwamba wanafunzi wanaosoma tena na tena hukumbuka zaidi baada ya dakika tano, ila baada ya wiki moja wanaojipima kwa kukumbuka ndio wanaobaki na mengi. Kurudia kusoma hukupa faraja ya kudhani unajua. Karatasi tupu inakuchukiza, na faida iko humo. Tafuta pia mitihani ya miaka iliyopita, na ukariri vitenzi vya Kiingereza vinavyoanzisha maswali, kwa sababu anayeambiwa aeleze akaishia kutaja hupoteza alama za jambo analolijua.

Kuhusu kuhama mkondo, sanaa si jalala la walioshindwa, na anayependa Historia au Jiografia aende huko kifua mbele. Wewe umesema unataka uuguzi. Kozi ya uuguzi ngazi ya stashahada hutaka ufaulu wa Kemia, Baiolojia na Fizikia katika Kidato cha Nne, na ufaulu huanzia D. Tafuta mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya elimu ya ufundi, uusome mwenyewe, au umuombe mwalimu wa taaluma akuonyeshe. Ukipenda kwenda Kidato cha Tano kusoma Fizikia, Kemia na Baiolojia, utahitaji kuanzia C. Kwa hiyo hata ukishuka kutoka 68 hadi 45 milango yote miwili bado iko wazi, ila ukiiacha Fizikia leo yote miwili inafungwa kwa mkono wako mwenyewe. Hofu ya shule kuhusu wastani wa matokeo ni hofu ya shule; mtoto wa miaka 16 haitwi ofisini akabebeshwa. Tena kumbuka kwamba mtihani wa Kidato cha Nne husahihishwa na walimu wa nje ya shule yako, wanaoiona namba ya mtahiniwa bila jina, wasiojua unakaa dawati gani.

Mwisho wa mwezi utakapofika, badala ya barua ya kuhama, nenda na neno hili: "Mwalimu, nimefikiri ushauri wako, ninaomba nibaki sayansi mpaka matokeo ya mwisho wa mwaka, ndipo tuyaangalie pamoja." Ni jibu la heshima, na linaweka uamuzi juu ya alama zitakazopatikana. Weka kiwango chako mapema na ukiandike: kwa mfano, ukipata chini ya 30 katika mtihani wa muhula na pia ule wa mwisho wa mwaka, hapo tutazungumza upya, na hakutakuwa na aibu katika mazungumzo hayo.

Shangazi yako anasema kweli kwamba mwalimu ni mzazi, naye ni mzazi pia, na wazazi huketi pamoja kuzungumzia mtoto. Mwonyeshe karatasi yenye alama ya kiulizo, maana nina wasiwasi kwamba amesikia habari tu na hajaiona kwa macho. Mwambie hupendi agombane na mtu. Unaomba akusindikize kwa mwalimu wa taaluma, au amwone siku ya kikao cha wazazi, akaulize swali moja: alama ya mtoto wangu iko wapi? Hilo halina utovu wa nidhamu ndani yake. Kama mwalimu wa Fizikia atakuwa amekusikiliza na kuiandika alama yako, safari hiyo haitahitajika. Kama hakukusikiliza, anzieni kwa mwalimu wa taaluma, kisha mkuu wa shule, na mwende na maandishi yenye tarehe ya jaribio, alama na kilichotokea. Ikiwa shule yenu ina mwalimu wa malezi na unasihi, zungumza naye hata kabla ya hapo, hasa usiku unapokosa usingizi mfululizo, kwa sababu hilo la usingizi halipaswi kubaki kati yako na mto.

Jina la utani wenzako watalichoka wenyewe ukiacha kuligeukia. Jirani yako wa zamani, yule wa 74, hukusema kama naye alicheka. Kama hakucheka, muombe msome pamoja siku moja kwa wiki, na mfundishane kwa zamu: wewe mweleze msuguano, yeye akueleze asichokueleza binamu yako.

Niandikie tena matokeo ya muhula yakitoka, yawe mazuri au mabaya, na unakili maswali uliyokosa pamoja na majibu uliyoandika wewe mwenyewe, hata yale unayoyaonea haya. Nitayapeleka kwa mwalimu wa Fizikia aliyefundisha kidato chako kwa muda mrefu, nami nitakurudishia masahihisho yake, swali kwa swali.